Maksai Walioivuta Ndege ya Kivita

Ndugu msomaji, kama umewahi kusafiri kwa basi kutoka Shinyanga kwenda Kahama wakati wa mavuno ya pamba, bila shaka umewahi kucheleweshwa na mkokoteni wa maksai. Ng'ombe wawili au wanne wamefungwa nira, kijana mwenye fimbo anatembea mbele yao, na nyuma marobota yamepangwa hadi yanayumba. Dereva hupiga honi, abiria hutoa vichwa madirishani na kunung'unika, lakini maksai hawana habari. Wapo miongoni mwetu wanaouona mkokoteni huo kuwa ni aibu, kitu cha watu wa zamani ambacho hakistahili kuonekana katika barabara ya lami.

Basi leo tutazame mkokoteni mwingine wa maksai, na barabara nyingine.

Ilikuwa mwezi wa Machi, 1939, katika mji wa Nagoya nchini Japani. Kiwanda cha kampuni ya Mitsubishi kilikuwa kimemaliza kuunda ndege mpya ya kivita kwa ajili ya jeshi la majini. Mkuu wa wahandisi walioichora alikuwa kijana wa miaka 35, jina lake Horikoshi Jiro. Ndege hiyo ilikuwa nyepesi kupita kiasi, yenye mifupa ya aloi mpya ya aluminiamu iliyobuniwa na kampuni ya Sumitomo, na jeshi lilitaka iruke mbali kuliko ndege yoyote ya aina yake. Lakini kiwanda hakikuwa na uwanja wa ndege. Uwanja wa majaribio ulikuwa Kagamigahara, umbali wa kilomita 48 hivi, na barabara ya kwenda huko ilikuwa mbovu kiasi kwamba lori lingeitikisa ndege hadi kuiharibu. Wakubwa wa kiwanda wakafanya jambo ambalo mkulima yeyote wa Maswa angelifanya. Waliifungua ndege vipande, wakavipakia juu ya mikokoteni miwili, wakafunga maksai, wakaondoka.

Tarehe 1 Aprili, 1939, ndege hiyo iliruka kwa mara ya kwanza. Dunia ilikuja kuijua kwa jina la Zero. Ilikuwa na uwezo wa kusafiri zaidi ya kilomita 3,000 ikiwa imebeba tangi la ziada la mafuta. Yaani ingeweza kuondoka Shinyanga, ikafika Dar es Salaam na kurudi bila kutua, na mafuta yangebaki. Ziliundwa zaidi ya 10,000 kabla ya vita kwisha. Na katika muda wote huo, ndege zilizotoka katika kiwanda kile cha Nagoya ziliendelea kuvutwa na maksai, hata mwaka 1944 walipoanza kutumika farasi wakubwa wa kukokota baada ya maksai kuchoka. Taifa lililokuwa likipigana na Marekani angani lilikuwa bado linangojea ng'ombe wapande kilima.

UKOO WENYE KILA KITU

Jina la Mitsubishi si geni kwako. Liko mbele ya malori ya Canter yanayobeba mahindi, vitanda na mbuzi katika kila gulio la mkoa huu. Neno lenyewe maana yake ni almasi tatu, na ndiyo hizo nyekundu tatu unazoziona katika alama yake. Watu wa Mwadui, waliozaliwa na kukua kando ya shimo la almasi, labda watatabasamu kusikia hivyo.

Kampuni za namna hiyo Wajapani waliziita zaibatsu. Tafsiri yake ya karibu ni "kundi la mali". Fikiri ukoo mmoja wenye benki, wenye mgodi wa makaa, wenye meli za kubebea makaa hayo, wenye kiwanda cha chuma, wenye bima ya kukinga vyote hivyo, na wenye duka la kuuza ng'ambo. Mwana wa mjomba anamkopesha shangazi, shangazi anamuuzia kaka, na faida haitoki nje ya ua. Zaibatsu kubwa zilikuwa nne: Mitsui, Mitsubishi, Sumitomo na Yasuda. Baadaye zikazuka nyingine mpya, nazo ndizo zilizokimbilia zaidi viwanda vya silaha.

Mwandishi huyu alipoanza kufuatilia habari za kampuni hizi alidhani angekuta hadithi ya wataalamu na vyuo vikuu. Vyuo vilikuwapo, naam. Lakini ukirudi nyuma hadi kwenye mizizi, unakuta vitu viwili ambavyo mtu wa Shinyanga na Geita hahitaji kuelezwa: mgodi na pamba.

Mitsubishi ilianza mwaka 1870 na meli tatu za moshi, lakini ilinenepa kwa makaa ya mawe ya kisiwa cha Takashima iliyoyanunua mwaka 1881, na mwaka 1896 ikanunua mgodi wa dhahabu wa kisiwa cha Sado. Sumitomo walikuwa wamechimba shaba huko Besshi tangu mwaka 1691. Kampuni ya Komatsu, ambayo mitambo yake ya kuchimbia na kusukuma udongo inajulikana katika migodi ya dunia nzima, ilizaliwa mwaka 1921 kutokana na karakana iliyowekwa ili kutengeneza zana za mgodi wa shaba. Na Toyota? Mzee Toyoda Sakichi alikuwa mtoto wa seremala aliyetumia maisha yake kuunda mitambo ya kufuma nguo za pamba. Mwaka 1929 familia yake iliwauzia Waingereza wa kampuni ya Platt haki ya kuunda mtambo wake wa kufuma unaojiendesha wenyewe, na fedha hizo zikamsaidia mwanawe Kiichiro kujaribu kuunda magari.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Hitachi.

Hitachi ni jina la mahali. Palikuwa na mgodi wa shaba wa bwana mmoja aitwaye Kuhara Fusanosuke. Mgodi ulitumia mota za umeme kutoka Ulaya na Marekani kuvuta maji na kupandisha mawe, na mota hizo ziliharibika ovyo, kama mota zinavyoharibika mahali popote penye vumbi na maji. Mhandisi wa umeme wa mgodi, Odaira Namihei, alipewa kibanda cha mbao awe anazitengeneza humo. Kila mota iliyoletwa aliifungua, akaitazama, akajua mgeni alikosea wapi. Mwaka 1910 yeye na vijana wake wakaunda mota zao wenyewe, kila moja yenye nguvu ya farasi watano. Wakuu wa mgodi hawakuwa na imani kubwa na vitu vya kibanda kile. Mota zikafanya kazi.

Nenda leo Katoro au Nyarugusu, mahali penye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Utamkuta fundi ameketi juu ya tairi kuukuu, mota imefumuliwa mbele yake, naye anaipanga upya nyaya za shaba, mzunguko baada ya mzunguko, kwa kukariri. Hana kitabu. Karasha la watu limesimama na wenye mawe wanamngojea kwa hasira. Fundi huyo anafanya kazi ileile aliyoanza nayo Odaira. Tofauti ni kwamba nyuma ya Odaira alisimama mwenye mgodi, akampa mtaji, akampa vijana wa kufundisha, na akanunua alichokiunda. Wa kwetu nyuma yake kuna mwenye karasha anayeuliza saa ngapi itakuwa tayari.

Machimbo ya zamani ya Geita yalifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi yalipofungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Dhahabu nyingi imetoka. Mitambo iliyoitoa imekuja kwa meli.

Sasa tusije tukadhani kwamba kibanda cha Odaira kiliishia katika mambo mema. Mwaka 1928 shemeji yake Kuhara, Aikawa Yoshisuke, aliigeuza kampuni ya mgodi ikawa kundi jipya la mali lililoitwa Nihon Sangyo, kwa kifupi Nissan. Naam, Nissan hiyohiyo. Hitachi ikiwa ndani yake, iliingia katika kuunda injini za ndege. Na moja ya injini hizo ilikuja kunguruma juu ya vichwa vya watu wetu.

NDEGE JUU YA BAHARI YETU

Tarehe 10 Desemba, 1941, siku tatu baada ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor, ndege za Mitsubishi zilizamisha manowari mbili kubwa za Uingereza, Prince of Wales na Repulse, karibu na pwani ya Malaya. Hadi siku hiyo wakubwa wengi wa majeshi waliamini kwamba manowari iliyo baharini, yenye uwezo wa kwenda na kujitetea, haiwezi kuzamishwa na ndege peke yake. Tarehe 15 Februari, 1942, Singapore ikaanguka.

Huenda utauliza, yamhusu nini mtu wa Usukuma? Malaya ndiko ulikotoka mpira wa matairi ya Waingereza, na Ufilipino ndiko ilikotoka katani ya kamba za meli. Vyote viwili vikawa mikononi mwa Wajapani. Mara mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita, na mashamba ya mpira yaliyotelekezwa tangu enzi ya Mjerumani yakafufuliwa. Watu walikamatwa wakapelekwa kwa nguvu katika mashamba hayo, kwa amri ya serikali ya kikoloni. Mzee aliyekata mkonge Tanga mwaka 1943 bila hiari yake hakuambiwa kwamba safari yake ilianzia katika kiwanda cha Nagoya.

Kisha vita vikaja karibu zaidi. Tarehe 5 na 9 Aprili, 1942, ndege kutoka meli za Kijapani za kubebea ndege zilishambulia Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, kinachoitwa leo Sri Lanka. Waingereza walipoteza meli kadhaa, na sehemu ya manowari zao ikarudi nyuma hadi Kilindini, Mombasa. Pwani ya Waswahili ikawa ukingo wa vita.

Mwezi uliofuata, tarehe 19 Mei, nyambizi ya Kijapani iliyoitwa I-30 iliibuka katika Bahari ya Hindi upande wetu. Juu ya sitaha yake palikuwa na banda dogo lisilopitisha maji, na ndani yake ndege ndogo ya watu wawili, mabawa yamekunjwa kama ya popo mchana. Wanamaji waliitoa, wakaiunga, wakairusha. Iliruka kupeleleza bandari za Unguja na Dar es Salaam, ikihesabu meli. Haikudondosha bomu. Injini yake ilikuwa ya Hitachi. Siku kumi na moja baadaye, usiku wa tarehe 30 Mei, nyambizi ndogo za Kijapani ziliishambulia bandari ya Diego Suarez, Madagaska, baada ya ndege ya namna hiyohiyo kuichungulia.

Wako waliokwenda kuwakuta Wajapani kwao. Vijana wa Tanganyika waliochukuliwa katika vita vile kwa jumla walikuwa takriban 87,000, na Keya kutoka nchi hii walikuwamo katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoshuka bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944. Mvua ilikuwa kubwa, matope yalifika magotini, malaria ilikuwa nje nje. Ndege ya Wajapani waliyoisikia zaidi huko ni Hayabusa, jina la ndege mwindaji tunayemwita kozi, iliyoundwa na kampuni ya Nakajima. Lakini kufikia wakati huo kozi alikuwa amekwisha kupungua mbinguni. Chakula cha Keya kilidondoshwa kutoka katika ndege za upande wao, na tarehe 2 Desemba, 1944, waliingia Kalewa kando ya mto Chindwin. Wengine hawakuwahi kuiona Burma kabisa. Tarehe 12 Februari mwaka huohuo meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, na zaidi ya watu 1,200 wakafa, miongoni mwao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Kwa nini kozi alipungua? Nimekwisha kulijibu swali hilo kwa sehemu: maksai. Wajapani walikuwa na wahandisi hodari na karakana zenye mafundi wa ajabu, lakini nyuma yao palikuwa na barabara mbovu, mafuta machache, na ubishi kati ya jeshi la nchi kavu na jeshi la majini, kila moja likitaka ndege zake. Mwaka 1944, walipojikamua kwa nguvu zote, waliunda ndege 28,000 hivi. Marekani mwaka huo iliunda zaidi ya 90,000. Tena Zero ilipata wepesi wake kwa kunyimwa bamba la kumkinga rubani na tangi linaloziba tundu la risasi. Ilipopigwa iliwaka kama karatasi. Aliyelipia wepesi huo ni kijana aliyekaa ndani.

WASICHANA WA NAGOYA

Wanaume walipokwisha kwenda vitani, viwanda vilijazwa wanafunzi. Watoto wa shule wa Kijapani waliachishwa masomo wakagongelea ribiti mabawa ya ndege. Hawakutosha. Makaa na dhahabu vilichimbwa na Wakorea na Wachina waliopelekwa kwa nguvu. Katika mgodi wa Sado peke yake Wakorea walikuwa wapata 1,500. Na kutoka Korea, iliyokuwa koloni la Japani, waliletwa pia wasichana wa miaka 13 na 14. Waliambiwa kwamba wakienda Japani watasoma shule na kupata mshahara. Walipelekwa katika kiwanda cha ndege cha Mitsubishi, Nagoya. Shule haikuwapo, na mshahara hawakuuona.

Tarehe 7 Desemba, 1944, tetemeko kubwa la ardhi liliiangusha sehemu ya kiwanda hicho, na baadhi ya wasichana wakafa chini ya kuta. Siku chache baadaye zikaja ndege za Kimarekani za B-29, ambazo kazi yao ya kwanza ilikuwa kuvipiga viwanda vya ndege: Nakajima karibu na Tokyo mwezi Novemba, Mitsubishi ya Nagoya mwezi Desemba. Mafundi wakahamishia mashine mapangoni na katika mahandaki. Tarehe 9 Agosti, 1945, bomu la atomiki likaangukia Nagasaki, mji wa meli na silaha za Mitsubishi. Sehemu kubwa ya urani ya Wamarekani ilikuwa imechimbwa jirani zetu, Shinkolobwe katika Katanga, na watu ambao hawakuambiwa walikuwa wakichimba nini.

Washindi walipiga marufuku uundaji wa ndege hadi mwaka 1952, wakazivunja zaibatsu na kuziondoa familia zilizozimiliki. Mafundi wa ndege wakabaki na mikono mitupu na aluminiamu tele. Wakaunda sufuria. Usicheke, ndugu msomaji. Ni kama wafua sufuria wetu wanaoyeyusha vipuri vya injini, isipokuwa wao walikuwa wakiyeyusha ndege nzima. Waliokuwa Nakajima walikuta magurudumu ya mkiani ya ndege za mabomu yamebaki ghalani, na mwaka 1946 wakayafunga katika pikipiki ndogo iliyoitwa Rabbit, yaani Sungura. Kampuni tano zilizotokana na Nakajima ziliungana tena mwaka 1953, na gari zao zikapewa jina la Subaru. Subaru ni jina la Kijapani la kundi la nyota ambalo babu zetu walilitazama ili kujua msimu wa kulima. Ndiyo Kilimia. Alama ya gari hilo ina nyota sita, moja kubwa na tano ndogo.

Vipande vingine vilikwenda kwingine. Wahandisi waliotoka Tachikawa na Nakajima waliunda magari ya Prince, na mwaka 1966 Prince ikamezwa na Nissan. Kawasaki, walioziundia ndege jeshi la nchi kavu, walihamia kwenye pikipiki. Katika miaka ya 1980 walishirikiana na Bajaj ya India, ambayo bodaboda zake zimejaa katika mitaa ya Kahama. Mitsubishi Heavy Industries, iliyogawanywa mara tatu mwaka 1950, ilijiunga tena mwaka 1964, na inaunda ndege hadi leo.

Wale wasichana waliobaki hai walirudi Korea. Wengi wao hawakusema neno kwa miaka mingi, hata kwa waume zao, kwa kuwa jamii iliwatilia shaka mabinti waliokuwa wamechukuliwa na Wajapani. Walipofungua kesi katika mahakama za Japani walishindwa. Wakafungua nyumbani. Tarehe 29 Novemba, 2018, Mahakama Kuu ya juu ya Korea Kusini iliiamuru Mitsubishi iwalipe fidia. Kampuni ilikataa, ikisema kwamba mkataba wa mwaka 1965 kati ya serikali mbili ulikwisha maliza madai yote. Waliokuwa watoto wa miaka 13 na 14 walipopanda meli kwenda kutafuta shule, walikuwa wamekaribia miaka 90 siku hukumu hiyo iliposomwa.